Maswali ya Nyanyake

Miaka ishirini na sita ya chaki imenipa mambo mawili: kikohozi kisichokwisha, na uchovu ambao hata usingizi wa Jumapili hauutoi. Nafundisha fizikia, na hisabati pia tangu mwenzangu ahamishwe, katika shule moja ya kutwa karibu na bahari, ukishapita Msambweni. Kwetu mimi ni Kinango, mahali pa mbuzi na ukame. Bahari niliisomea ukubwani.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, msichana mwembamba aliyekaa dawati la mbele. Darasani hakuwahi kunyoosha mkono. Alingoja kipindi kiishe, anifuate hadi mlango wa maabara, anipe shikamoo, aulize hali ya nyumbani, ndipo aseme kwamba nyanyake ananisalimu sana, na ana swali.

Swali la kwanza lilikuja siku nilipofundisha kwamba vitu vyote, vizito kwa vyepesi, huanguka kwa mwendo mmoja. Nyanya alitaka kujua, kama ni hivyo, mbona nazi ikidondoka hutua kwa kishindo, na kuti huja likijipepea? Nilicheka. Nilichukua karatasi mbili sawa, moja nikaifinyanga ikawa donge, nikaziachilia pamoja. Donge likatangulia. Nikamwambia uzito ni uleule, ila ile iliyokunjuka hewa imepata pa kuishikia. Pasipo hewa, kuti na nazi vingefika chini pamoja, mwambie nyanya hivyo. Akaandika kila neno, akaenda zake.

Wiki nyingine nyanya akauliza kwa nini asubuhi bapa la panga ni baridi kuliko mpini wake, ilhali vyote vimelala chumba kimoja. Haya tena! Swali hilo huwatoa jasho hata walimu. Nilieleza kwamba joto la bapa na la mpini ni moja. Chuma huunyang'anya mkono joto upesi, mti huunyang'anya polepole, na mkono haujui kupima joto, unajua tu kwamba unaporwa. Basi nikawa namngojea huyo bibi kizee. Nilimwazia kibarazani, ukili wa kushonea mkeka mkononi, akiyachambua mafundisho yangu kama anayetoa mawe kwenye mchele. Kuna siku nilikuwa hoi kabisa, na ni yeye tu aliyenifanya niandae somo.

Muhula wa tatu maji yakanifika shingoni. Mitihani ya madarasa manne ya kusahihisha, maabara haina tone la maji, goti linauma, na mwalimu mkuu ameshaniambia wanaotaka fizikia ni wachache mno. Ilikuwa wiki ya kujaza fomu za masomo ya kidato cha tatu: fizikia au biashara, moja kati ya hizo. Ukiiacha fizikia hapo, umeiacha moja kwa moja. Nilikuwa na hakika ya mmoja tu, yule msichana. Alikuwa ameniambia, huku anatazama viatu vyake, kwamba anataka kuwa mpiga picha za mifupa pale hospitali ya Msambweni, na kazi hiyo haina mlango mwingine ila fizikia.

Siku hiyo nilikuwa nimefundisha jinsi mwezi unavyoyavuta maji ya bahari hadi yakajaa. Akanifuata mlangoni. Salamu zote, hali ya nyumbani, kisha swali: nyanya anasema mwezi hupita juu yetu mara moja tu kwa usiku na mchana, lakini maji hujaa mara mbili. Hayo ya pili yanavutwa na nani?

Miaka yote hiyo nilikuwa nikilikariri somo lile kama kasuku, na mtu wa Kinango hahesabu maji kujaa na kupwa. Ningesema sijui, nikaenda nikasoma, mambo yakaisha. Badala yake uchovu ulinipanda kichwani ukageuka hasira.

"Mwambie nyanyako aache fizikia," nikasema. "Kazi ya bibi wa pwani ni kuvua pweza. Darasa si lake."

Akasema ahsante mwalimu, akaondoka. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilijua nimejikwaa kabla hajafika getini. Nikajifariji kwamba huyo bibi yuko mbali, na huenda mtoto asiufikishe ujumbe.

Jumatatu fomu zilirudi. Alikuwa amechagua biashara.

Mwalimu mkuu alinipa hadi Alhamisi nimrudishe, kabla orodha haijafungwa. Nilisoma usiku mbili mfululizo mpaka jibu likanikaa kichwani, na Jumatano alasiri nikapanda boda hadi kwao, kumwomba nyanya radhi. Nilimkuta mama wa msichana anaanika mwani juu ya kichanja. Nikamweleza nilichokuja kufanya. Akasimama na mwani mkononi.

"Nyanya yupi, mwalimu?" akauliza. "Mamangu alifariki huyu mtoto hajazaliwa. Na wa kwa babake alitangulia zamani."

Nilitamani ardhi ipasuke. Sisi watu wa Kwale, wa nyika na wa pwani, hatumkosoi mkubwa usoni. Ukiwa na neno, unalipitisha kwa mtu mwingine, heshima yake isiguswe. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo nilimsingizia baba maswali mengi mbele ya mwalimu wangu. Nililijua hilo, na nikalisahau.

Msichana akaja kutoka pwani na gunia la mwani, nguo zimelowa. Akanipa shikamoo. Nikamwambia niliyekosea ni mimi, na swali lile ni zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nikamweleza: mwezi huvuta kila kitu, na kilicho karibu hukivuta zaidi. Maji ya upande wake huvutwa kuliko dunia, yakatangulia. Dunia nayo huvutwa kuliko maji ya upande wa pili, yakabaki nyuma. Huku yamejaa, na kule yamejaa. Sisi tunazungushwa na dunia, tunayapitia yote mawili. Nikamsihi aibadilishe fomu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, macho chini, kwa adabu ileile.

"Nyanya ameelewa, mwalimu, anashukuru," akasema. "Lakini ameshaniambia darasa si lake."

Alhamisi orodha ilifungwa, na jina lake lilikuwa upande wa biashara.