Kengele ya Ng'ombe wa Chemba

Gurudumu la mjomba lilinitesa kuliko nyundo. Nilipoacha kazi ya redio na kuhamia kwake Ipagala kujifunza uhunzi, nilidhani shughuli yote iko kwenye nyundo, kwa hiyo nilikuja nimejiandaa kwa nyundo. Kumbe nyundo unainua tu, inashuka yenyewe. Kazi iko kwenye gurudumu kuukuu la baiskeli alilolifunga mpini na kuliunganisha, kwa mkanda wa mpira wa tairi, na feni ndogo inayopuliza moto. Mkono wa kushoto unazungusha gurudumu. Wa kulia umeshika koleo, na koleo limeshika chuma ndani ya mkaa, kikiwa kimetulia.

Mikono yangu ilikataa kuachana. Wa kushoto ukizunguka, wa kulia nao unazunguka, na chuma kinakoroga mkaa kama mwiko kwenye sufuria.

"Mama, huo ugali ukiiva utuite," mjomba alikuwa akisema, bila kuinua macho kwenye kazi yake.

Halafu kuna upepo. Banda letu lina mabati pande tatu, na upande wa nne umeachwa wazi kuelekea mashariki, ambako upepo wa Dodoma hutokea. Ukivuma, unaisaidia feni bila kuombwa, na moto unakuwa mara mbili. Mhunzi hapo hupunguza mkono. Mimi nilikuwa naendelea kuzungusha vilevile mpaka chuma kinaanza kurusha cheche nyeupe, nzuri kweli kuzitazama.

"Kikikurushia nyota, kimeshakufa hicho," mjomba alinifundisha. Niliua vingi.

Asubuhi moja mjomba alishtua bega akipakua magunia ya mkaa. Mkewe akamfunga mkono kwa kanga na kumkataza kugusa chochote. Alikuwa ameketi hivyo, amenuna, mteja alipoingia: mzee wa makamo yake, mfugaji kutoka Chemba, viatu vimejaa vumbi la safari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Nataka kengele."

Mazoea ya redio hayaniishi, nikamhoji. Ng'ombe jike anayeongoza kundi lake alikuwa ameangusha kengele porini. Kesho yake alfajiri alitakiwa kuwahamisha wote kwenda kwenye malisho mengine, na njia inapita katikati ya vichaka vizito ambamo ng'ombe hawaonani. Humo wanafuata sauti tu. Bila kengele wangetawanyika, na fisi wa huko hawahitaji kualikwa.

"Sokoni Majengo kengele zimejaa," nilimwambia, nikitafuta pa kutorokea.

"Za Majengo nimezisikia. Zinalia kama za shule. Ng'ombe wangu hawajasoma."

"Sasa wewe unataka ilie vipi?"

Lugha ya kwao ina sauti za kualisha ulimi. Aliubana ulimi wake juu kinywani, akauachia. Ikatoka sauti fupi, nzito, kavu, ambayo sina herufi za kuiandika.

"Hiyo," alisema. "Akilia hivyo wanamfuata. Akilia vingine wanaendelea kula."

Mjomba alinionyesha kwa kidevu. "Atakutengenezea huyu mpwa wangu. Anajifunza."

"Amefikia wapi?"

"Kuunguza."

Mzee alifikiria, akavuta kigoda. Hakuwa na pengine pa kwenda.

Kengele ya ng'ombe ni kipande cha bati nene kinachopashwa moto, kinakunjwa kama bahasha, na kingo zake zinapigwa mpaka zishikane. Kipande cha kwanza kilikufa kwa nyota. Cha pili kilinichoropoka kwenye koleo, kikaanguka karibu na miguu ya mzee, naye akaisogeza taratibu kama mtu aliyezoea kukanyagwa na ndama. Nilikiokota, nikakimalizia, nikatundika ulimi wa chuma ndani yake. Mzee akanituma mwisho wa kiwanja nikaitikise, yeye akageuka na kufumba macho.

"Hiyo ya mbuzi," alisema.

Nilikuwa nimeigonga mno, ikawa nyembamba. Bati la unene ule lilibaki kipande kimoja.

Nilikiweka motoni na kuanza kuzungusha. Safari hii sikutazama mikono, kwa sababu nilikuwa nauogopa upepo zaidi. Nilitazama nje. Ng'ambo ya uwanja kuna barabara ya vumbi, na niligundua kwamba kabla upepo haujatufikia, vumbi la kule huinuka kwanza. Linainuka, linavuka uwanja, ndipo moto unapokolea. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Vumbi likiinuka, nilipunguza mkono, likitulia, niliongeza. Baada ya muda nikaona kwamba mkono wa kulia haujasogea hata kidogo. Chuma kilikuwa kimelala ndani ya mkaa, kina rangi ya papai lililoiva.

"Kitoe," mjomba alisema. Nilikuwa nimeshakitoa.

Nilikunja, nikapiga kingo, nikarudisha motoni, nikapiga tena, na nikaacha mapema kuliko nilivyopenda. Kisha nikaenda mwisho wa kiwanja, nikatikisa.

Mzee hakugeuka. Alialisha ulimi wake, akasikiliza, akaniashiria kwa mkono nirudie. Nikarudia.

"Siyo yenyewe," alisema mwishowe. "Ndugu yake."

"Watamfuata?"

"Watasimama kwanza wafikirie. Halafu watafuata."

Aliichukua, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo nilioupiga. Kisha akang'oa nyasi kavu pembeni mwa banda na kuishindilia kengele mpaka ulimi ukabanwa kabisa. Nilimuuliza kwa nini anaiziba.

"Napanda basi," alisema. "Abiria wasije wakashuka na mimi."