Senene Kwenye Mfuko wa Koni

Mechi ile ya Muleba ilichelewa nusu saa kwa sababu yangu mimi, na chekeni tu, nimeshazoea. Ila siku ile nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie na filimbi yangu shingoni.

Nilikuwa kocha wa viungo wa timu moja ya Bukoba mjini, kwa majaribio, na mwenyekiti alishaniambia wazi kwamba baada ya mechi hiyo ya kirafiki ndipo angeamua kunipa mkataba au kuniaga. Basi nikatangulia asubuhi, nikapita Ijumbi kumsalimia shangazi (ukifika Muleba bila kumsalimia, baba atapata habari kabla hujarudi nyumbani), nikamkuta na kiroba cha senene waliokamatwa usiku, bado wanatapatapa.

"Waitu, mwanangu, kaa kidogo tuwanyonyoe mabawa, nikukaangie uende nao," akasema.

"Shangazi, mimi ni mtu wa muda," nikajibu huku natazama saa. "Nipe hivyo hivyo, mke wangu atawanyonyoa."

Akanitazama, akafunga kiroba kwa kamba ya mgomba. Hapo ndipo nilipoharibu.

Uwanjani nikaona haya mwenyekiti anione, mtaalamu mzima, nimebeba kiroba, nikakisokomeza ndani ya mfuko wa koni za mazoezi. Wachezaji wakapanga mstari, nikawahutubia kwa sauti kubwa ili na mwenyekiti asikie: leo ni nidhamu, atakayetoka kwenye mstari atazunguka uwanja mara kumi. Kisha nikaupindua mfuko kwa mbwembwe, koni zikamwagika, kiroba kikaanguka, kamba ikaachia, na senene wote wakaruka.

Golikipa wangu, Mwombeki, akasema taratibu, "Kocha, senene," akaanza kuvua glavu. Nikapuliza filimbi, nani asikie? Mabeki wakaondoka, wapinzani wakaja, kina mama wakaingia uwanjani na kanga zao, refa akavua soksi moja akawa anaijaza, na mimi katikati napiga kelele "mstari, mstari" huku senene mmoja katulia kwenye kofia yangu. Nikageuka kumtafuta mwenyekiti, maana roho yangu yote ilikuwa kwake. Alikuwa kapiga magoti kwenye kibendera cha kona, anakusanya.

Mechi ilipokwisha (tulishinda, msisahau hilo) akaniita, nikaenda nikijua naagwa.

"Mwalimu," akasema, mifuko ya koti imevimba, "misimu miwili niko na hawa vijana, leo ndiyo mara ya kwanza nawaona wanakimbia."

Akanipa mkataba, nikafurahi mpaka nikasahau kumwomba hata senene mmoja.

Jioni shangazi akapiga simu kuuliza kama mke wangu ameshawakaanga. Nikamweleza ukweli, akacheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena ili amalizie kucheka. Tangu hapo akisema kaa kidogo, nakaa, nanyonyoa mabawa kwa mikono yangu mwenyewe, na saa naiacha Bukoba.