Tulikata blue gum za marehemu baba ili chemchemi irudi, na bado sina uhakika

Wakuu, sasa. Nitaandika nilichoona tu, nisiongeze. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo wajuzi wa mazingira mtanirekebisha.

Chini ya ploti yetu hapa Kabiria, Nairobi, kuna chemchemi. Mifereji ikikauka, majirani huchota hapo. Kando yake baba alikuwa amepanda blue gum tano, ile mikaratusi mirefu.

Mvua ikaanza kuruka misimu. Chemchemi ikabaki ya kuchota kikombe kwa kikombe.

Kikundi cha mazingira cha kanisa kikatuambia blue gum zinakunywa maji mengi, zikatwe, tupande miti ya kienyeji. Waliongea kwa heshima, sitawasingizia.

Mama alikataa. Ni mkono wa mume wake ule.

Aliyemgeuza ni jirani, Mama Akinyi, anayefulia watu nguo Lavington. Alikuja na mtungi mtupu, akauweka mlangoni. Yeye humwita mama Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu.

"Cucu, mimi na miti yako tunakunywa kikombe moja. Na yenyewe ndiyo iko na mdomo kubwa."

Mama alicheka. Asubuhi akaniambia, "Kateni kabla sijabadilisha roho."

Siku ya kukata watu walijaa. Nyimbo, picha, chai. Miche ikapandwa.

Kitu hatukuambiwa, ama tuliambiwa nikakosa kusikia, ni kwamba kisiki cha blue gum hakifi. Kinachipua tena na tena.

Wiki nzima navuta mkokoteni River Road. Jumamosi nashuka na panga, peke yangu. Silaumu wengine, wana shughuli zao. Mama Akinyi akipita ananitania, "Baba Wanjiru, watoto wako wamerefuka tena!"

Maji yameongezeka? Kidogo. Mtungi sasa unajaa kabla Mama Akinyi hajamaliza udaku. Lakini mvua pia ilinyesha vizuri juzi, so siwezi kuapa ni miti.

Jumamosi iliyopita mgongo ulikataa, nikalala. Nikasikia panga huko chini.

Kuchungulia, ni mama. Amejifunga leso kiunoni, anakata machipukizi.

"Mama, wacha, nitakata."

"Kwani ulidhani nilikubali mara moja tu ikaisha?" Hakuinua hata kichwa.

Funzo nililopata: kukata ilikuwa siku moja tu. Kukubali ndiyo kazi ya kila wiki.

Kama kuna mtu anajua kuua kisiki bila sumu kuingia majini, naomba aandike hapa chini. Mimi nimechoka, na yeye amezeeka.