Aliyelitaja Jina la Bibi

Haya yalinitokea nikiwa macho, asubuhi, chai bado ya moto tumboni. Nayasema mapema kwa sababu nimechoka kuambiwa niliota, na nimechoka zaidi kuambiwa nilibarikiwa. Sikubarikiwa. Nilitukanwa, na baba yangu akatukanwa akiwa kaburini.

Kwanza ujue jambo moja. Nilipewa jina la bibi yangu, mama yake baba. Kwa hiyo baba aliniita Mama tangu nikiwa mchanga. Kulitamka lile jina kavukavu kungekuwa kumwita mzazi wake kama mtoto aliyetoroka shule. Hata kwa hasira alisema, "Mama, unanichosha." Alifia hapa Birmingham, tukamzika kwenye mvua.

Baba mdogo ndiye aliyenivuta kwenye uvuvi. Wiki nzima anachomelea vyuma kwenye karakana huko Hockley. Jumamosi tunatoka nyumbani Hodge Hill alfajiri na kuendesha hadi pwani ya Wales kutafuta trauti wa baharini. Ni samaki anayezaliwa mtoni, hushuka baharini kunenepa, kisha hupanda tena mtoni. Wasiomjua humtafuta mbali, kumbe maji yakijaa hupita karibu kabisa, kwenye kina cha magoti, kando ya mawe yenye mwani pale kijito kinapoingia baharini.

"Weye, bakia ku mawe," baba mdogo alinionya siku hiyo. "Ukiingia mu maji unafukuza chakula yetu. Ao unataka kuoga?"

"Kwenye baridi hii, baba mdogo? Kwani mimi Mwingereza?"

Akacheka, akarudi garini kuchukua chupa ya chai.

Ukungu ulikuwa umelalia bahari. Trauti mmoja akaruka mbele yangu, fedha tupu, nami nikainua fimbo ya kuvulia. Ndipo mtu akakohoa ndani ya ukungu.

Nilikijua kikohozi kile. Wewe usingekijua cha baba yako?

"Njoo huku," ikasema sauti. "Samaki wako huku, kwenye kina kirefu."

Ilikuwa sauti ya baba, na lafudhi yake ya kwetu Uvira. Niliona koti lake la kahawia na mabega yake yaliyoinama. Maji yalimfika kiunoni, na mawimbi yalipomfikia hayakuvunjika. Niliyaona hayo, na bado nikaingia. Usinicheke. Tangu mazishi nilikuwa nikiingoja sauti ile jikoni, kwenye ngazi, kwenye basi la Perry Barr. Ningeifuata hata motoni.

Maji yakapanda hadi kiunoni. Trauti wakanipita miguuni, kundi zima, wakikimbilia ufukweni. Walikuwa wanamkimbia yeye. Samaki walijua, mimi sikujua! Hebu fikiria.

Kisha akaniita. Kwa jina la bibi, kavukavu, mara mbili, kwa kubembeleza, mkono umenyooshwa.

Niamini, sikuogopa. Woga ulikuja baadaye. Kilichonipanda ni hasira. Kitu kile kilivaa koti la baba, kikaiba kikohozi chake, halafu hakikujisumbua hata kujua baba alikuwa akiniitaje! Na trauti kwenye kina kirefu? Hata uongo wake haukuwa na ufundi.

"Baba yangu haniiti hivyo!" nikafoka. "Baba yangu ananiita Mama!"

Ule uso ukanitazama. Haukukasirika, haukuhuzunika. Ulikuwa unasikiliza, kama mwanafunzi anayerekebishwa. Midomo yake ikalijaribu neno bila sauti.

Baba mdogo akaja mbio kutoka garini, akanikamata koti kwa nyuma, akanivuta hadi mawe makavu. Tulipogeuka, kulikuwa na ukungu tu.

Garini alilia. "Nimesikia kikohozi ya yaya," alisema. Yaya ndivyo alivyomwita kaka yake. "Lakini kutaja jina ya mama yetu? Apana. Ule si yaya."

Sasa nenda ukawaambie watu wa kanisani. Shangazi alinishika mkono mbele ya wote. "Baba yako amekuja kukusalimia, na wewe unamfokea? Jumapili utoe ushuhuda!"

"Shangazi, salamu gani ya kuzamisha mtoto?"

Akaniambia nina kiburi. Mimi!

Kwenye simu nina ujumbe wa sauti wa baba: "Mama, umefika?" Basi, ni hayo tu. Zamani nilikuwa siwezi kulala bila kuusikia. Siufungui tena. Maana juzi nilipita kando ya mfereji karibu na Hockley, mchana, watu wakitembeza mbwa wao, na chini ya daraja mtu akakohoa. Kisha, polepole, kama anayesoma neno jipya, akasema:

"Mama."

Kwa hiyo, wewe unayenisikiliza: marehemu wako akikuita, na akakosea namna ya kukuita, geuka uondoke. Meza hasira yako. Usimsahihishe.