Spoku na mishale inayosomeka kwenda na kurudi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ukungu bado umelala kwenye ua wa nyumba ya wageni, na mwanamume mwembamba amechuchumaa mbele ya baiskeli, anaminya tairi kwa kidole gumba kama mtu anayechagua parachichi. Anatoa upepo kidogo, anaminya tena, anatikisa kichwa, anatoa tena.

"Tairi ikijaa sana, changarawe inakurusha kama mpira," anasema bila kuinua macho. "Ikilegea kidogo, inaelewana na njia. Na kwenye njia zangu mimi hajawahi kupotea mtu. Hata mmoja. Andika hivyo."

Kauli hiyo inaishi nusu dakika.

"Na wale kumi na mmoja?" anauliza mkewe, ambaye hufua mashuka ya nyumba hiyo na muda huu ana vibanio vitatu vya nguo mdomoni. Vibanio havijamzuia.

"Mama Pacha, wale hawakupotea. Walichelewa."

"Walichelewa mpaka kwenye mashine ya unga."

Mwanamume huyo anaitwa Spoku. Jina halikutokana na ufundi wake wa baiskeli, bali na umbo lake, jembamba kama waya wa gurudumu. Akisimama ubavu, unaweza kumtafuta. Ana miaka thelathini na minane, mke mmoja, pacha wawili wa darasa la tatu, na kazi ambayo leo, kabla ya saa tisa alasiri, ataipata moja kwa moja au ataikosa kabisa.

Kazi yenyewe ni kutafuta njia za baiskeli za changarawe, kuzipima, kuziwekea alama na kuwaongoza wageni humo. Njia yake kuu ni mzunguko wa kilomita 58: inapanda vilima vitatu, inashuka bondeni mara mbili, inavuka mto mahali ambapo maji hayafiki magotini.

Mabonde hayo anayajua kwa mgongo. Kwa miaka sita alichimba mchanga mtoni na kupakia malori. Siku moja ya kuongoza wageni hulipa sawa na siku nne za koleo, na jioni mtu anaweza kuinama akafunga kamba za viatu bila kuita mababu zake.

"Namshukuru sana mjomba," anasema. "Aliniachia baiskeli, akaniambia nisiiuze hata njaa ikiniita kwa jina. Iliniita kweli. Nikajifanya sisikii."

Na wale kumi na mmoja?

Ilikuwa mwaka jana. Spoku alikuwa amechora mishale myeupe kwenye mawe, mia moja na nne, kazi ya wiki tatu. Siku ya safari, mnyororo wa mgeni mmoja ukakatika getini. Akawaambia wengine watangulie, wafuate mishale tu, yeye atawakuta. Wale wageni wakashauriana wenyewe kwamba afadhali wamalize kilima kikubwa kabla ya jua kali. Wakauanza mzunguko kwa upande wa pili.

Mishale yote ilikuwa imewageuzia mgongo.

"Nilichora kama mtu atakayepita upande mmoja tu maisha yake yote," anasema Spoku, na hapa hacheki. "Sikuwahi hata mara moja kugeuka nyuma nikaitazama njia."

Saa tisa alasiri watu kumi na mmoja, wekundu kwa vumbi, walitokeza kwenye mashine ya kusaga unga kando ya mto. Mwenye mashine, mjane ambaye bonde zima linamwita Mama Mashine, alizima injini, akawapa maji mtungi mzima, kisha akawatembeza kilomita nne mpaka barabarani, gunia la mteja kichwani, kwa sababu kwa vyovyote alikuwa anaelekea huko.

"Mmoja aliniuliza kama bahari iko karibu," anakumbuka. "Nikasema huyu tumfikishe kwanza."

Mwenye nyumba ya wageni, anayeitwa Bosi hata na mume wake, hakupiga kelele. Alimwambia Spoku sentensi moja: "Akipotea mwingine, mishale yako utaichora kwenye mchanga huko ulikotoka." Tangu hapo wageni wakapelekwa barabara ya lami, na Spoku akabaki na kazi ya kuziba pancha.

Miezi mitano iliyofuata, kila alipopata nafasi, aliipita njia yake kinyumenyume. Alichora mishale kwenye migongo ya mawe yote. Halafu akaenda kwa Mama Mashine kumshukuru, akarudi na ushauri.

"Nilimwambia, wewe unawaonyesha njia iliyo sawa tu," anasema mama huyo. "Sasa aliyekwisha kosea atajuaje?"

Ndiyo maana leo, kwenye kila njia panda, ukiingia pasipo sahihi, hatua thelathini mbele unakuta jiwe lenye msalaba mwekundu.

Bosi amekubali kulipima jambo hilo mwenyewe. Ataendesha peke yake, kwa upande ule ule waliopotelea wale kumi na mmoja, simu ikibaki mezani. Akirudi bila kumuuliza mtu njia, mzunguko unarudi kwenye ratiba na Spoku anaajiriwa. Akiuliza hata mara moja, basi.

"Na wewe unabaki hapa," anamwambia, akivaa kofia ngumu.

"Niende wapi, Bosi? Nina pancha tano hapa."

Saa moja kamili anatoka getini. Spoku anaziba pancha ya kwanza. Ya pili anaiziba mahali ambapo hapana tundu. Ya tatu haigusi. Mkewe anamtazama tu akichukua njia ya miguu inayokatiza kilimani.

Saa nne na nusu amelala kifudifudi katikati ya mahindi, mita chache kutoka njia panda ya mtoni. Hapo ndipo anapoona balaa: mvua ya jana imerusha tope, na mshale wa jiwe kubwa hauonekani. Kitambaa kiko mfukoni. Jiwe liko hatua kumi. Na Bosi ndiye huyo anashuka mteremko, breki zikilia.

Anasimama. Anakunywa maji. Kulia ni kinjia chembamba chenye majani, kinachokwenda kwenye kivuko. Kushoto ni njia pana, nzuri, inayomeremeta, inayokwenda kwenye mashine na haifiki kwingine kokote.

Anaingia kushoto.

Spoku anauma mkono wa shati lake. Anafikiria koleo. Anafikiria pacha. Sauti moja tu ingetosha, na sauti hiyo hiyo ingemaliza kila kitu.

Hatua kumi. Ishirini. Baiskeli inasimama. Kisha anamsikia Bosi, mwanamke asiyecheka hovyo, akicheka peke yake mbele ya jiwe lenye msalaba mwekundu. Anageuza, anarudi, anaingia kulia, anavuka mto.

Spoku anaweka paji la uso ardhini na kukaa hivyo muda mrefu.

Saa nane na dakika ishirini Bosi anaingia uani, tope mpaka kwenye nyusi. Spoku yuko kwenye kigoda chake na pancha ya nne, mtulivu kama picha ya kitambulisho.

"Sikumuuliza mtu," anasema Bosi. Anavua glavu, anampa mkono. "Kila Jumamosi, kuanzia wiki ijayo. Mkataba utausaini kesho."

Mama Pacha anaangusha beseni. Spoku anasema "asante", anairudia mpaka Bosi anamwomba apumzike.

Mipango yake ameshaipanga. Anataka wageni wawe wanapumzika kwa Mama Mashine, wapate maji na kivuli, naye alipwe. Anataka kuchora njia ya pili, ya bonde la juu. Safari hii, anasema, ataanza kwa kuitazama kutoka mwisho.

Anapoulizwa alizipitishaje saa saba za kusubiri, anajinyoosha.

"Hapa hapa, kwenye kigoda hiki. Mtu ukiiamini kazi yako, roho inatulia. Sikunyanyua hata mguu."

Mama Mashine, aliyekuja kusikia matokeo, anatua ndoo yake getini.

"Baba Pacha, samahani," anasema. "Pale kwenye mahindi yangu, huyu mama alipokwisha pita, ulikuwa unaumwa tumbo? Nilikuja na maji, nikakukuta umeondoka."

Bosi anageuka polepole. Mama Pacha anarudisha vibanio mdomoni.

"Nilikuwa nashukuru," anasema Spoku.

"Kifudifudi?" anauliza Mama Mashine.