Jina Nisiloweza Kulisoma Sokoni

Siku yangu ya kwanza kazini, Rutshuru, nilikabidhiwa brashi, kopo la uji mzito wa unga wa muhogo uliotumika kama gundi, na karatasi nne zenye majina. Nilikuwa nimevaa viatu vipya, nikidhani mtumishi wa kilimo huketi mezani. Bwana Inspekta, mkuu wangu wa kwanza, alinionyesha ukuta wa ofisi.

"Mama, kazi ni afishaje. Bandika, piga foto, rudi. Kusoma ni kazi ya wenyewe."

Afishaje ni kutangaza hadharani nani amepata ruzuku ya serikali. Miaka ile mkulima alipewa boni, karatasi ya kuchukulia mbegu na mbolea dukani. Lakini ukuta wetu ulikuwa ndani ya uzio, nyuma ya mlinzi, na herufi zenyewe ndogo ajabu. Mbuzi wa jirani ndio walioisogelea orodha, wakailamba gundi. Nilicheka, kisha nikaona haya.

Nilipohamishiwa mji wa Kiwanja nilimwomba Shefu wa Serivisi, mkuu mpya, ruhusa ya kusoma majina sokoni.

"Soma," akasema. "Lakini ukiruka hata mutu moja, hawatakuamini tena."

Nilisoma vizuri mpaka karatasi ya pili. Hapo nikakutana na jina la baba mkwe wangu. Shamba lake alikuwa ameliuza kitambo, akahamia mtaa wa Keshero kule Goma. Siku hiyo alikuja kutusalimia, naye ameketi mbele kabisa. Nyuma yake alisimama Mama Furaha, mjane mwenye shamba la maharage, aliyekosa boni kwa sababu nafasi zilijaa.

Sasa, kwetu tunaozungumza Kinyarwanda, mke hatamki jina la baba mkwe wake. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kulitoa mdomoni. Nikilisoma, nimevunja heshima ya nyumba. Nikiliruka, kazi yangu imekufa palepale. Nikamtazama mzee, naye akatabasamu. Kumbe alijua nimekwama wapi!

"Mama, mbona unanyamaza?" muuza ndizi akauliza. "Unaruka mutu?"

Nikapiga goti mbele ya mzee, nikampa karatasi kwa mikono miwili.

"Papa, tafazali, munisomee jina ya hii laini. Mimi siwezi."

Alivaa miwani polepole. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akawatazama watu. Kisha akasoma jina lake mwenyewe, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza samaki. Soko zima likaangua kicheko, naye akacheka hadi miwani ikamtoka.

"Huyu muzee hana hata mustari moja ya maharagi," akasema. "Mumufute. Muandike ule mama iko nyuma yangu. Bibi ya mutoto wangu ameniweza leo!"

Shefu, aliyesimama kando yangu, alimwandika Mama Furaha papo hapo. Tangu hapo, Kiwanja kote, kila aliyekuwamo kwenye orodha alisimama akatamka jina lake mbele ya majirani. Waliotaka kujificha walijiondoa wenyewe kabla ya siku ya soko.

Nimestaafu sasa. Vijana wa kazi hii hutuma orodha kwenye simu, na ni vizuri, ila nawasihi waisome pia mahali majirani wanaposikia. Baba mkwe angali hai, na kila Jumapili huwasimulia wajukuu jinsi nilivyompiga bao. Wakiniuliza alisoma jina gani, nawaambia wakamuulize mwenyewe.