Siku ya Ishirini na Sita

Nilijifunza kuandika uzeeni, meno yakiwa yamekwisha, kwa hiyo nitaandika nipendavyo. Watu wa kwetu wakinisifu husema nilizaa watoto saba na sikusumbua mtu. Uongo. Kwa yule wa kwanza nilisumbua ukoo mzima, na sijutii hata kidogo.

Ulikuwa wakati wa Mjerumani. Mume wangu alikuwa amechukuliwa na akida kwenda kubeba ulanga, yale mawe ya kung'aa yaliyochimbwa milimani, na hakuna aliyejua angerudi lini. Nilijifungulia kwa mama mkwe, upande wa pili wa mlima kutoka kwetu Matombo. Mtoto alikuwa wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuita watu shambani.

Desturi ilikuwa mzazi akae ndani siku arobaini. Haendi mtoni, hapiki, hashiki jembe. Anakandwa maji ya moto, anapewa uji wa pilipili manga, analala. Kwa mwili ni desturi nzuri, na mwili wangu ulipona upesi. Lakini kichwa hakikandwi. Mle ndani mlikuwa na giza na moshi, nami nilikaa nikitazama ukuta na kulia bila kujua ninalilia nini. Mtoto akilia, mama mkwe alimchukua haraka ili nipumzike. Alinirudishia anyonye tu, kisha akamchukua tena. Alifanya kwa wema, na kwa wema huohuo nikaanza kuamini kwamba mtoto hanihitaji. Nilimtazama nikaona mtoto wa watu. Sikumpenda. Ndivyo ilivyokuwa, na anayetaka kuziba masikio azibe.

Wanawake waliokuja kumwona mtoto walileta ndizi, na kila mmoja aliniambia nishukuru Mungu. Mmoja akasema ni mizimu. Mwingine akasema nadeka. Hakuna aliyeniuliza.

Siku ya ishirini na tano nikamsikia mama mkwe akipanga na jirani nje ya mlango. Binti yake aliyeolewa Kingolwira, kando ya reli, alikuwa akinyonyesha. Mtoto wangu angepelekwa huko keshokutwa, pamoja na watu wanaoshuka na mizigo, akae mpaka akili zangu zirudi.

Hapo nikakasirika, na hasira ilikuwa kitu cha kwanza kunipasha moto tangu nijifungue. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Hata baba yake hamhamishi bila neno la mjomba. Sawa, sikumpenda, lakini nani alisema ang'olewe kama chipukizi la mgomba?

Asubuhi iliyofuata, mama mkwe akiwa mtoni, nikamfunga mtoto kifuani nikatoka. Jua lilinichoma macho. Wanawake waliokuwa wakipalilia maharage kando ya njia wakasimama na majembe yao, maana mzazi hajatimiza arobaini naye yuko njiani. Mzee wao akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwamkia shikamoo, nikapita. Nilipanda mlima nikipumzika kwenye kila jiwe, jasho na machozi vikichanganyika, na sikugeuka nyuma.

Nilimkuta mama yangu akipanda viazi. Nikamweleza yote, pamoja na lile lisilosemwa. Hakushtuka.

"Lia," alisema. "Ukichoka kulia, shika upande ule wa tuta."

Basi nililia, nikalima kidogo, nikakaa juani na mtoto mapajani, na kesho yake tena. Mtoto akilia, mama hakumchukua mpaka nimwombe. Wale wanaodai shamba linaponya kila kitu waambieni kwamba mimi nililima miezi mingi, na siku nyingine nilirudi nyumbani vilevile nilivyotoka.

Siku ya arobaini mama mkwe akaja. Mjomba wangu akaitwa, tukakaa uani. Nilimwamkia mama mkwe, akaitikia bila kunitazama. Akasema nimevunja desturi, nimemtia aibu mbele ya majirani, na mtoto ataharibikia mikononi mwangu. Alitaka apelekwe Kingolwira siku hiyohiyo. Mjomba akaniuliza kama nina neno.

"Simpendi bado," nilisema. "Lakini ni wangu, na haendi."

Nilitarajia kelele. Mama yangu aliinamisha uso. Mama mkwe alikunja na kukunjua pindo la kaniki yake.

"Yule wa Kingolwira sikumlea mimi," alisema hatimaye. "Nilipomzaa nilikuwa kama wewe. Wakampeleka kwa dada yangu. Aliporudi alikuwa na miaka mitano, ananiita mama mdogo, na mpaka leo hajaacha. Nilidhani ndiyo dawa, mwanangu. Sikuwahi kupewa nyingine."

Hasira yangu ilikosa pa kukaa. Mjomba akakohoa, akasema mtoto atabaki na mama yake, na lisizungumzwe tena.

Mtoto, aliyekuwa amelala mkekani kati yetu, akaamka akilia. Mikono ya mama mkwe ikanyanyuka yenyewe, kama ilivyozoea. Kisha akairudisha mapajani, akanitazama, akangoja. Nikamchukua mimi.